Mawe Meupe ya Tanuuni

Wenzangu mnaokunywa chai nami katika chumba cha walimu mmeniuliza kwa nini nilirudi kutoka Sur mkimya, na kwa nini kaka yangu Suleiman hatajenga tena Ibra. Nimemjibu kila mmoja kipande chake, na sasa vipande hivyo haviafikiani. Nimeona ni haki zaidi kuandika mara moja ili wote msome jambo lile lile. Habari za ruhusa na matayarisho naziacha. Ilikuwa likizo, nikapanda gari.

Nizwa hadi Samad

Suleiman anafanya kazi kiwandani Sur. Alikuja Nizwa kuwaonyesha wazee wetu ramani ya nyumba anayotaka kuijenga, na aliporejea nikafuatana naye ili nikamwamkie Bi Zuwena, mama mzaa baba yetu, anayeishi huko kwa shangazi. Kiwanja ni cha Bi. Kiko nje kidogo ya Ibra, na katika ukoo wetu kinaitwa Tanuuni.

Jina hilo lina asili yake. Babu alipofika Oman kutoka Unguja, miaka ya sabini, binamu zake walimpa kipande hicho cha ardhi. Katikati yake palikuwa na duara la mawe meupe lililoporomoka. Babu alikuwa ameona chokaa ikichomwa Unguja tangu utoto wake: magogo hupangwa duara, mawe hurundikwa juu, moto hutiwa chini. Akalitazama lile duara, akasema, "Hapa palikuwa na tanuu la chokaa." Hakuna aliyempinga. Akachukua mawe yaliyokuwa mazuri zaidi, akajenga jiko.

Sasa Suleiman alikuwa amemposa Thuraya, binti wa jirani wa kiwanja hicho. Baba yake alikubali posa lakini hakutaja siku ya harusi, na kaka yangu aliamini kwamba mzee huyo anangoja kuiona nyumba. Buldoza lilikuwa lije wiki ile ile kusawazisha ardhi. Ramani zilikuwa kiti cha nyuma, zimekunjwa kama mkeka, na Suleiman alinikataza kuweka juu yake hata mkoba wangu.

Tulisimama njiani kula rakhali, mkate mwembamba kama karatasi, wenye yai na asali, kisha tukaingia bonde la Samad. Nilimwomba tupite huko kwa sababu nilitaka kuokota kwa macho, si kwa mkono, kitu ninachowafundisha wanafunzi bila ya kukionyesha: mavi ya shaba. Ni vipande vyeusi, vizito kuliko ukubwa wake, masalio ya watu walioyeyusha mawe ya kijani kupata shaba zaidi ya miaka elfu nne iliyopita. Shaba ilibebwa hadi baharini na kupandishwa kwenye nchi ya mito miwili, Iraki ya leo. Huko Sumeri palikuwa na miji, mahekalu, na makarani waliohesabu shayiri kwa kuchora alama juu ya udongo mbichi. Katika vitabu vyetu ustaarabu huanzia kwao kwa sababu waliandika. Lakini nchi yao ilikuwa tope na matete. Haikuwa na shaba wala jiwe gumu. Makarani hao waliiandika nchi iliyowaletea vitu hivyo kwa jina la Magan, na wataalamu wengi wanakubali kwamba Magan ni huku kwetu. Kwa maneno mengine, jina letu la kale kabisa liliandikwa na wateja wetu.

"Na wao Magan waliandika nini?" Suleiman aliuliza.

"Hatujapata maandishi yao."

"Basi walikuwa kama mafundi wa kiwanda chetu. Kazi wanafanya wao, ripoti anaandika mtu wa ofisini."

Tulipata vipande hivyo pembeni mwa shamba la majani ya mifugo. Mwenye shamba, mtu wa makamo, alikuja kwa haraka huku akifunga kilemba. Alitusalimu, akatukaribisha chini ya kibanda, akamimina kahawa na kusogeza tende. Alizungumza nasi juu ya mvua, bei ya majani, na mguu wa mbuzi wake. Kila nilipojaribu kuuliza juu ya yale mawe meusi, aliniongezea kahawa.

Mwishowe alimgeukia Suleiman. "Mkubwa, hapa hapana mawe."

Tulikuwa tumekaa juu ya mawe.

"Naam, sioni," alisema Suleiman kwa adabu.

"Basi andika hivyo. Andika kwamba ulikuja, ukatazama, hukuona kitu."

Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameona viatu vya kazi vya Suleiman na zile ramani garini, akadhani sisi ni maofisa wa serikali wa mambo ya kale. Nilimweleza kwamba mimi ni mwalimu tu na huyu ni kaka yangu. Alicheka hata akashika magoti. Kisha akatutembeza shambani mwenyewe, akatuonyesha rundo zima la mavi ya shaba alilolifunika kwa makuti. Ndugu yake, alisema, alitoa habari ya makaburi ya zamani yaliyokuwa shambani kwake, na tangu siku hiyo pembe ile halimi. "Mawe yamezungushiwa kamba. Ndugu yangu anazunguka kamba."

Tulipotoka, Suleiman alisema, "Umemsikia?"

Nilikuwa nimemsikia.

Ibra, kiwanjani

Nilikuwa nimeingia Tanuuni mara nyingi nilipokuwa mdogo, Bi alipokuwa bado akiishi pale, lakini sikuwahi kupatazama kama mtu aliyesoma. Nyumba ya zamani ilikwisha kuporomoka paa. Jiko limesimama, nje, peke yake. Suleiman alianza kupima kwa hatua mahali pa sebule yake.

Nilisimama mbele ya ukuta wa jiko. Ulikuwa mweupe, wa mawe yaliyochongwa vizuri mno kwa jiko. Lakini haukunyooka. Kila jiwe lilikuwa na uso uliotokeza kidogo, kama tumbo la mtu aliyeshiba, na palipokutana mawe mawili palikuwa na bonde dogo lililojazwa udongo. Nikakumbuka baba akisimulia kwamba Babu aliyalaumu mawe haya maisha yake yote: "Hayakai sawa hata uyabembeleze."

Hayakukaa sawa kwa sababu hayakuchongwa kwa ukuta ulionyooka. Kila moja lilichongwa kuwa sehemu ya duara.

Nilikwenda kwenye lile duara lenyewe. Tanuu la chokaa huacha majivu, udongo uliounguzwa mwekundu, na mawe yaliyolika kwa moto. Nilipangusa vumbi kwa kiganja mahali kadhaa; hapakuwa na dalili ya moto hata mahali pamoja. Palikuwa na kuta nyembamba zilizogawa duara kwa ndani, vyumba vyumba. Kando ya moja palikuwa na kigae chekundu chenye mistari myeusi iliyochorwa kwa mkono uliotulia. Sikukiokota. Chini yake, katika mchanga, palikuwa na kitu cheupe ambacho hakikuwa jiwe.

"Suleiman," nilisema, "hili si tanuu. Ni kaburi. La watu wengi, pamoja. Ni watu wa enzi ile ile ya shaba."

Alikuja, akatazama, akatazama tena, nami nikakifunika kile kitu cheupe. "Jiwe ile ni jiwe tu."

"Umeuona mfupa."

"Nimeona kitu nyeupe." Yeye amekulia kazini kwa Kiarabu, Kiswahili chake ni cha mkato, lakini siku ile hakikumwangusha. "Wewe unajua miaka elfu nne. Mimi najua Alhamisi. Alhamisi buldoza linakuja."

"Hawa ni watu waliozikwa."

"Na mimi mtu ninayeoa. Baba yake Thuraya anangoja nyumba. Halafu nimwambie nini? Kwamba babu yangu alivunja makaburi akajenga jiko? Unajua watasema nini. Wazanzibari hawa, hata kaburi na tanuu hawajui kutofautisha."

Nilimwambia kwamba kiwanja si chake wala changu, ni cha Bi, na kwamba nitamweleza Bi ukweli wote. Akasema nitamuua kwa kihoro, mwanamke wa umri ule, aliyepika katika jiko hilo nusu ya maisha yake. Tuliingia garini tukiwa tumekasirikiana.

Wadi imeshuka

Baada ya njia ya kuelekea Wadi Bani Khalid tuliona magari yamesimama. Mvua ilinyesha milimani, sisi hatukupata hata tone, lakini wadi, bonde la mto ulio mkavu siku zote, ilikuwa imekata barabara kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Watu walikwisha kutandika mikeka. Nyuma yetu palisimama gari dogo lenye mume na mke wa makamo.

Tuliendelea kugombana kwa Kiswahili, kwa sauti kamili, kama tulivyozoea kufanya madukani na hospitalini: lugha yetu ndiyo pazia letu. Nilisema kwamba wafu wale ni dhamana yetu, na dhamana haipimwi kwa manufaa. Suleiman alisema kwamba dhamana yangu inajengwa juu ya nyumba yake. Nilisema wale maiti hawana mtu mwingine wa kuwasemea. Akasema, "Na mimi nina nani?"

Yule mume nyuma yetu akakohoa. "Samahani, wanangu. Na mimi nitoe rai?"

Alisema hivyo kwa Kiswahili cha Pemba, safi kabisa. Nilivuta mtandio usoni. Suleiman alitazama maji.

Walikuwa watu wa Samail, wakienda harusini Sur. Mume alikuwa muuguzi aliyestaafu. Mkewe alifungua deli la chakula, akatugawia sambusa na pilipili ya kuponda, kama kwamba tumekwisha kuwa jamaa.

"Jenga, mwanangu," mume alimwambia Suleiman. "Maiti hana haraka. Aliye hai ndiye mwenye haraka."

"Wacha maneno yako," mkewe alisema. "Ungelala wewe juu ya maiti?"

"Nimelala hospitali zamu za usiku miaka mingi, chumba cha pili na cha maiti."

"Ndiyo maana hulali vizuri mpaka leo."

"Silali kwa sababu yako, unakoroma."

Waligombana wao kwa wao hadi maji yalipopungua, na sisi tukabaki wasikilizaji. Kabla ya kuingia garini mke alinivuta kando. "Usimshinde kaka yako kwa kusoma," alisema. "Mshinde kwa lililo kweli, halafu umsaidie kubeba." Sikujua kwa hakika anamaanisha nini. Nilimshukuru kwa sambusa.

Sur

Nilikuwa nimekusudia kufika hadi ncha ya mashariki, mahali wataalamu walipopata vipande vya lami vyenye alama za matete na kamba upande mmoja na chaza wa baharini upande wa pili. Ni mabaki ya vyombo vya matete vilivyopakwa lami, vilivyofanya safari za nchi ya mito miwili. Sikufika. Bi Zuwena alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, wanangu. Mmechelewa, mchuzi umeshalala. Suleiman, mbona umevimba? Umeumwa na nyuki?"

Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa papa. Suleiman hakuzungumza. Baada ya kahawa nilimweleza Bi jambo zima, tangu mawe yenye matumbo hadi kile kitu cheupe mchangani. Nilitumia maneno mepesi na sikupunguza kitu. Alisikiliza huku akizungusha kikombe.

"Walikuwa Waislamu?"

"Hapana, Bi. Ni zamani sana, kabla ya hayo yote."

"Kazi yao?"

"Walichimba shaba wakaiuza Iraki. Huko walipata nguo, mafuta, shayiri."

"Wafanyabiashara." Aliliweka neno hilo kama mtu anayeweka kitu mahali pake. "Na mle ndani wamo wanawake? Watoto?"

"Makaburi ya namna hii huwa na wote. Jamaa nzima, vizazi baada ya vizazi."

Aliweka kikombe chini. "Nami n'kipika," alisema. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuja hapa hana kitu, akaona mawe, akaona kwao. Hakukusudia."

"Hakukusudia, Bi," alisema Suleiman. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Lakini sasa tunajua. Anayejua akivunja, huyo amekusudia." Akamgeukia. "Hujengi pale, mwanangu."

Suleiman aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka na sikufurahi.

"Watu wa Thuraya watatucheka," alisema.

"Watatucheka? Kwani wametuheshimu lini?" Bi alijibu kwa ukali ambao sikuutarajia. Kisha akatueleza jambo ambalo hata shangazi alikuwa halijui. Miaka yote aliyokaa Tanuuni, kila Ramadhani alipeleka sahani kwa majirani: vitumbua, kaimati, tambi za sukari. Sahani zilirudi zimeoshwa, na ndani yake tende, kwa adabu zote. Lakini alipowaalika hawakula. Walikunywa maji, wakasema wamekula, wana tumbo. Siku moja alikiona upande wa yadi yao kitumbua chake kikiliwa na mbuzi. Tangu hapo naye hakula kwao. Alialikwa harusi, akika, sikukuu. Alikwenda, alikaa, hakutia kitu mdomoni. "Walituona watu wa Afrika," alisema. "Chakula chetu najisi. Ndiyo maana nilipofiwa nilihamia huku. Na wewe ukenda ukamposa binti wa nyumba ile ile. Sikusema kitu, kwa sababu unampenda."

Suleiman alimtazama kama aliyekuwa akimwona upya. Bi akaagiza buibui lake litayarishwe.

"Kesho nipelekeni Ibra. Jambo hili nitawaambia mimi mwenyewe, kabla hawajalisikia kwa watu wa barabarani."

Kurudi Ibra

Suleiman alimpigia simu mwenye buldoza asije. Asubuhi tulitoa habari panapohusika, nayo siielezi. Kamba imezungushwa, na jiko limo ndani ya kamba. Kisha tukaenda kwa jirani. Suleiman aliingia barazani kwa baba yake Thuraya. Mimi na Bi tulipelekwa chumba cha wanawake kwa Umm Rashid, mama wa Thuraya, ambaye Bi hakuwa ameonana naye tangu alipohama.

Walisalimiana kwa Kiarabu na kuulizana habari, na kila mmoja akasema hakuna habari ila ya kheri, kama desturi. Ilipokwisha desturi, Bi alikaa wima.

"Nimekuja na habari isiyo ya kheri," alisema. "Lile tanuu letu si tanuu. Ni makaburi. Jiko langu lilijengwa kwa mawe yake. Hatukujua. Kijana hatajenga pale. Kama mnamkataa kwa hayo, semeni leo."

Umm Rashid hakushtuka. Alitazama zulia.

"Tunajua," alisema.

"Mnajua nini?"

"Wazee wetu waliyaita makaburi ya watu wa kwanza. Mumeo alipoanza kubeba mawe, baba mkwe wangu alitukusanya. Akasema, mtu huyu amepoteza nyumba yake na nchi aliyozaliwa, sasa amejenga jiko, na ninyi mumwambie amejenga kwa makaburi? Mgeni haaibishwi. Nyamazeni. Tukanyamaza."

"Miaka yote hiyo."

"Kila mwaka ulipopita ilikuwa vigumu zaidi kusema."

Bi alishika ukingo wa mtandio. "Na chakula changu?"

"Hatukuweza kula kilichopikwa mle. Usinilaumu."

"Mkawapa mbuzi."

"Tukawapa mbuzi."

"Walinona?"

"Wallahi walinona," alisema Umm Rashid, na midomo yake ikatetemeka kwa kicheko ambacho hakuthubutu kukitoa.

Bi hakucheka. "Mimi nilidhani," alisema polepole, "hamli kwa mikono ya mtu wa Zanjibar."

Nilitamani Umm Rashid akatae upesi. Hakukataa upesi.

"Na hilo lilikuwapo," alisema. "Kwa wengine. Siwezi kusema uongo mbele ya binti huyu. Lakini katika nyumba hii lilikuwa jiko."

Kwa upande wa pili tuliisikia sauti ya Suleiman, kisha ya mzee, ndefu na tulivu. Thuraya aliyekuwa akisikiliza mlangoni alituletea habari kabla ya yeyote: baba yake alikuwa ameshindwa kutaja siku kwa sababu hakutaka binti yake alale pale, wala hakujua namna ya kulisema bila ya kulivunja neno la marehemu baba yake. Sasa siku imetajwa. Wataanza kwa kupanga nyumba Sur.

"Sur ni mbali," alisema Umm Rashid, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba naye amepoteza kitu.

Baadaye sinia liliingizwa: wali, nyama ya mbuzi, ndimu, vitunguu. Umm Rashid alichambua nyama laini ya begani akaiweka upande wa Bi, kama mwenyeji anavyopaswa kufanya, kisha akaondoa mkono wake haraka na kujifanya anapanga ndimu. Nilijua Bi hatakula, na nilianza kutunga udhuru wa tumbo.

Bi alivuta birika, akanawa, akakunja mkono wa kanzu. "Bismillahi," alisema. Alikula tonge la kwanza, akatafuna taratibu, akala la pili.

"Chumvi haikukolea," alisema.

Umm Rashid aliinuka kwenda kuleta chumvi.